Danieli alipata ufadhili, nani alibaki shambani?

Somo: Danieli 1:1-21



Usharika wetu una mfuko wa elimu. Si mkubwa. Fedha zake hutoka kwenye mnada wa Jumapili baada ya ibada: trei ya mayai, jogoo, mkungu wa ndizi ambao mtu anaununua kisha anaurudisha unadiwe tena, mpaka unaleta fedha ya mikungu minne. Kwa fedha hiyo tunamlipia ada ya chuo kikuu kijana mmoja, na mwaka wa neema wawili. Nimekaa kwenye kamati ya mfuko huo muda mrefu. Leo naomba niseme jambo tulilolikosea, mimi nikiwemo, kwa sababu nadhani kamati yetu haiko peke yake.

Ilikuwa Julai, matokeo ya kidato cha sita yametoka. Waombaji walikuwa saba, fedha ilikuwa ya mmoja. Tuliwapunguza hadi wakabaki wawili, tukawaita ofisini kwa mchungaji kila mmoja kwa wakati wake.

Wa kwanza alikuwa kijana mwenye daraja la kwanza, pointi tano. Alisoma shule binafsi tangu awali, mjomba wake akimlipia, mpaka biashara ya mjomba ilipoyumba. Tulipofika swali la nne kwenye fomu yetu, lile linalouliza kwa nini unataka kusoma chuo kikuu, alijibu kwa utulivu kwamba anataka kuwa mhandisi ili atatue tatizo la maji vijijini, na kwamba elimu ni deni ambalo msomi hulilipa kwa jamii. Wazee wawili walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi niliandika tisa kati ya kumi.

Wa pili alikuwa binti. Daraja la pili, pointi kumi. Hadi kidato cha nne alisoma shule ya kata ambayo walimu wa sayansi walikuwa wawili kwa shule nzima, na chumba kilichoitwa maabara kilikuwa kinatunza madawati mabovu. Swali la nne likamfikia. Alinyamaza, akaangalia mikono yake, akasema, "Nataka nipate kazi. Mama anaponda kokoto."

Tukangoja aendelee. Hakuendelea. Mzee mmoja akajaribu kumsaidia: "Na jamii je, binti yangu? Na kanisa?" Akafikiri, akajibu, "Nikipata kazi, mzee, sadaka nitatoa." Tulicheka, wala si kwa ubaya. Nikaandika nne.

Kijana akapata. Alisoma vizuri, akahitimu, na hadi leo hutuma mchango wake kila Krismasi bila kukumbushwa. Sina neno juu yake. Neno nililonalo ni juu ya ile tisa na ile nne, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Tufungue sasa kitabu cha Danieli. Sura ya kwanza tumezoea kuihubiri kwenye mikutano ya vijana, na mara nyingi mahubiri huishia kwenye mboga za majani. Leo tuisome kama watu wa kamati. Nebukadreza anamwagiza Ashpenazi, mkuu wa matowashi wake, achague vijana miongoni mwa Waisraeli waliochukuliwa mateka. Masharti yako wazi katika mstari wa 3 na wa 4. Wawe wa ukoo wa kifalme au wa waungwana. Wasiwe na kasoro mwilini. Wawe na sura nzuri, akili nyepesi, na adabu ya kusimama mbele ya wakubwa. Watakaopita watafundishwa lugha na elimu ya Wakaldayo kwa miaka mitatu, watakula na kunywa kutoka meza ya mfalme, na mwisho watafanyiwa usaili na mfalme mwenyewe. Ni ufadhili kamili: ada, malazi, chakula na ajira. Hata ile miaka mitatu ni muda uleule wa shahada nyingi za kwetu.

Sisi humtazama Danieli kwa uaminifu wake, na anastahili. Lakini tazama nani hakuitwa kwenye usaili ule. Mtoto wa mchungaji wa kondoo hayumo. Binti hayumo. Mwenye mguu wenye ulemavu hayumo, awe na akili kiasi gani. Ukisoma 2 Wafalme 24:14 na 25:12 utawakuta walipo. Wababeli waliwahamisha watu wa Yerusalemu kwa awamu. Walichukua wakuu, mashujaa, mafundi na wahunzi, na waliowaacha nyuma ni maskini wa nchi, wabaki na mizabibu na mashamba. Kwa hesabu ya Babeli, hao hawakuwa na faida ya kusafirishwa.

Utaniambia kwamba kuachwa nyumbani ni afadhali kuliko utumwa, na kwamba maskini wale walipata angalau shamba. Ni kweli, mfano wangu hauenei kila upande. Ninachotaka uone ni kipimo. Aliyechaguliwa kwa kipaji alichaguliwa kutoka katika kundi ambalo lilikuwa limeshachujwa kwa nasaba. Danieli na wenzake walikuwa na akili mara kumi, maandiko yanasema hivyo katika mstari wa 20, na yanasema pia kwamba akili hizo walipewa na Mungu. Lakini Mungu hagawi akili kwa waungwana peke yao. Wangapi kule mashambani walikuwa nazo na hakuna Ashpenazi aliyefika kuuliza?

Kwetu pia ilianza hivyo. Waingereza walipoanzisha shule ya serikali pale Tabora katika miaka ya 1920, waliwalenga watoto wa machifu, wawaandae kutawala kwa niaba yao. Mwalimu Julius Nyerere alipita hapo. Alikuwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaenda Tabora mwaka 1937, kisha Makerere, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh kwa ufadhili, ambako alihitimu mwaka 1952. Kwa kipaji chake angestahili yote hayo hata kama baba yake angekuwa mchunga mbuzi wa watu. Swali ni kama angefikiwa.

Naamini Mwalimu mwenyewe alilijua hilo, ndiyo maana suala la nia ya msomi lilimkera maisha yake yote ya uongozi. Alipata kuwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada; akila na asirudi, amewasaliti. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa sehemu kubwa ya mshahara, aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Siku ileile alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wetu tunakumbuka nusu ya kwanza ya habari hiyo na kuisahau ya pili.

Kisha likaja Azimio la Musoma, 1974. Kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alipaswa kwanza kupita JKT, kisha afanye kazi angalau miaka miwili, na apate mapendekezo ya kazini kuhusu mwenendo na bidii yake. Lengo lilikuwa jema: aende chuoni mtu ambaye nia yake imepimwa. Lakini miaka ile ya kusubiri ilikuwa miaka ambayo binti anaposwa, anaolewa, anabeba mimba. Idadi ya wasichana waliojiunga na chuo ikashuka, na haikuchukua miaka mingi serikali ikawaondolea wasichana sharti la kufanya kazi kwanza. Hakuna mtu aliyekaa Musoma akikusudia kuwafungia mabinti mlango. Waliweka kipimo cha nia, na kipimo hicho kikawapita vizuri zaidi wale ambao maisha yaliwapa nafasi ya kungoja.

Nikisoma historia hiyo naliona swali letu la nne.

Kwa maana tulichokipima siku ile hakikuwa nia. Tulipima ufasaha. Yule kijana alikuwa amesoma mahali ambapo watoto hufundishwa kusimama mbele ya watu na kujieleza, na tayari alijua mfadhili hupenda kusikia nini. Kila mwenye kuandika barua ya kuomba ufadhili hujifunza lugha hiyo: kuitumikia jamii, kuleta mabadiliko, kuwa sauti ya wasio na sauti. Si uongo. Ila ni lugha, na lugha hufundishwa. Yule binti hakufundishwa, hivyo alitupa ukweli mtupu, na ukweli ule ukaonekana mdogo.

Je, ulikuwa mdogo? Mtoto anayetaka mama yake aache kuponda kokoto ameshika amri ya kuwaheshimu wazazi kabla hajaingia darasani. Tunapomtaka aruke mama aliyemwona kwa macho atuambie habari za jamii, tunamwomba atupambie maneno. Katika Luka 15 mwana mpotevu haamki kurudi nyumbani kwa sababu ya toba ya hali ya juu. Anaamka kwa sababu ana njaa, na amekumbuka kwamba vibarua wa baba yake wanakula na kusaza. Hotuba aliyoiandaa njiani baba hamwachi hata aimalize. Baba yule angekuwa kwenye kamati yetu, sijui angeandika alama gani kwenye swali la nne.

Na Danieli mwenyewe? Hakuna mahali anapoulizwa kwa nini anataka kusoma, wala maandiko hayasemi kwamba alitaka. Alikuwa mateka. Tunachoambiwa katika mstari wa 8 ni kile alichoazimia akiwa tayari ndani: kwamba hatajitia unajisi kwa chakula cha mfalme. Nia yake inaonekana mezani, siku kwa siku, baada ya kuchaguliwa. Sisi tunataka kuiona kabla, kwa dakika kumi na tano, ofisini kwa mchungaji, huku mtoto akitetemeka.

Kuna na hili la meza ya mfalme. Kila ufadhili una meza yake. Kwetu ilikuwa Krismasi: tulimsimamisha mfadhiliwa mbele ya usharika, tukasoma kiasi tulichomlipia, naye akashukuru kwenye kipaza sauti. Tuliona ni malezi. Mmoja wa vijana wetu aliacha kabisa kuja ibada za Krismasi, na tulipomlaumu kwa kukosa shukrani, mama yake alimwambia mke wangu kwamba mtoto anaona aibu kutajiwa umaskini wake mbele ya wasichana aliosoma nao Kipaimara. Hakuwa amekosa shukrani hata kidogo. Tumeacha kumsimamisha mtu, na mnada haujapungua.

Turudi kwa binti. Tulimwambia, kwa upole wote, aombe mkopo wa serikali. Ndivyo tunavyowaambia wote wanaokosa, na si ushauri mbaya. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005, na maelfu ya Watanzania wasiokuwa na mjomba wamesoma kwa fedha yake, wakailipa baadaye kwa makato ya mshahara. Ada ya sekondari nayo imefutwa, kwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016 na kwa cha tano na sita tangu 2022. Mwaka huohuo wa 2022 ukaja ufadhili unaoitwa Samia Scholarship, kwa waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita. Nasema haya kwa haki, maana wapo wanaoandika kana kwamba hakuna lililofanyika.

Lakini mkopo una karatasi zake. Cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Sahihi na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji. Mdhamini. Na kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi, nacho kimehakikiwa. Fedha ni ya umma, haiwezi kutolewa kwa maneno matupu; mtu angesema amefiwa na baba huku baba yuko dukani. Ila fikiria sasa baba aliyefia nyumbani kijijini, binti akiwa darasa la tano. Walimzika kesho yake, mchungaji akaongoza ibada, wakala, wakatawanyika. Nani siku ile alifikiria kwenda wilayani kuandikisha kifo? Miaka minane baadaye karatasi hiyo ndiyo inayoulizwa, na dirisha la maombi linafungwa baada ya wiki chache, na wengine wakati huo wako makambini JKT, na mama hajui hata pa kuanzia. Bila karatasi, kwenye maombi baba yake hajafa.

Yeye hakuipata kwa wakati. Aliomba hivyohivyo, pungufu, na mwaka ule hakupangiwa kitu. Mwaka uliofuata alikuwa ameshaanza kuuza duka la nguo mjini.

Sasa lililonichoma ni hili. Maziko yale yameandikwa kwenye daftari la usharika wetu. Jina, tarehe, mahali. Ubatizo wa binti umeandikwa pia, kurasa chache nyuma. Daftari hilo lilikuwa kwenye kabati la chuma nyuma ya kiti nilichokalia nilipomwandikia nne. Tulikuwa na fedha ya mtu mmoja tu, hilo kweli. Lakini msaada mwingine tuliokuwa nao haukuhitaji mnada. Ulihitaji mzee mmoja wa kanisa mwenye pikipiki na siku mbili za kwenda wilayani.

Kwa hiyo kamati imebadilika kidogo, si sana. Hatusubiri tena Julai. Januari tunapita kwenye jumuiya tukiuliza nani ana mtoto kidato cha tatu na kuendelea ambaye hana cheti cha kuzaliwa, na nyumba ipi ina yatima ambaye kifo cha mzazi hakijaandikishwa. Cheti cha ubatizo husaidia kuombea cha kuzaliwa, nasi tunacho bure. Tumeanza kulipa ada ya maombi kwa wale ambao kiasi hicho, kidogo kwako na kwangu, ndicho kinachowazuia kuanza. Alama za darasani bado tunazitazama, ila tunauliza pia zilipatikana wapi. Pointi kumi za shule isiyo na mwalimu wa fizikia hazilingani na pointi kumi za shule yenye walimu watatu wa fizikia, na pengine hazilingani hata na tano. Mhasibu wetu hapendi hesabu hii. Anasema tutaishia kuwapa walioshindwa. Tumebishana naye vikao viwili na tutabishana tena.

Swali la nne bado lipo kwenye fomu. Nilipendekeza liondolewe, nikashindwa kwa kura. Wenzangu wanasema fedha ya mnada ni ya Mungu na aliyeitoa ana haki ya kujua inakwenda kwa mtu mwenye moyo gani. Nawaelewa. Mama anayeleta mayai sita huku watoto wake wanakunywa chai kavu hawezi kuambiwa kwamba nia haijalishi. Tulichokubaliana ni kwamba swali hilo halipewi alama tena, linasomwa tu.

Katika sura ya 9 Danieli ni mzee. Ameshakula utumishi wa wafalme kadhaa, na anaomba kwa ajili ya mji ulioachwa magofu na watu wake. Angeweza kusema wao. Anasema sisi: sisi tumekosa, sisi tumeasi. Mtu aliyeondoka kijana, akasomeshwa, akapanda vyeo, miaka mingi baadaye bado anajihesabu pamoja na walioko kule. Hata yeye katika 2:49, alipopata nafasi ya kuomba kitu kwa mfalme, aliwaombea nafasi wenzake watatu. Kwa jicho la kamati nakiri niliona kwamba wote watatu ni wa darasa lake lilelile.

Binti bado yuko dukani. Niliwahi kwenda kumwomba radhi, na sikujua niseme nini, nikanunua shati. Alinipunguzia bei. Akaniambia chuo bado anakiwaza, ila kwanza anamsomesha mdogo wake, na kwamba mama sasa hapondi kokoto kila siku, ni siku tatu tu kwa wiki.

Mdogo wake amemaliza kidato cha sita mwaka huu. Fomu yake iko kwenye faili la kikao cha Jumamosi. Kwenye swali la nne ameandika mstari mmoja, na nyuma yake kimebanwa cheti cha kifo cha baba yao.